Vitanda Sabini na Sita

Jumatatu, 18 Julai 1994

Boma la kumi na nne leo, baada ya vipindi. Vitanda viwili, mkeka mmoja, godoro moja limeliwa na panya upande wa miguuni. Nimeandika "godoro nusu". Mwenye nyumba amecheka. Mimi sikucheka. Mgeni haji na miguu nusu.

Nyayo zinawaka moto. Bado maboma kumi na sita. Nikimaliza nitajua kama nilichosema mbele ya kamati ni ahadi au ni domo tu. Nilisema mkutano wa walimu wa ngumbaru uje hapa kwetu Rusinga, na kila mgeni alale ndani ya nyumba ya mtu, juu ya kitanda au godoro, si kwenye sakafu ya darasa. Wageni sabini na sita. Mwezi ujao, shule zikishafungwa. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumatano, 20 Julai

Karani mmoja Mbita ameniuliza sisi walimu wa ngumbaru tunalipwa ngapi. Hatulipwi. Jioni tatu kila wiki, mtu akishamaliza kazi yake, anawafundisha wazee na kina mama kusoma. Chaki tunajinunulia. Akaguna, akasema sisi ni watu wa ajabu. Nikamwambia ndiyo, asante.

Tangu wilaya igawanywe hatujakaa pamoja na wenzetu wa upande wa Migori. Huu utakuwa mkutano wa kwanza wa pande zote mbili. Madarasa machache yataleta pia mwanafunzi mmoja, asome mbele ya watu. Barua ya Muhuru Bay imefika leo. Wamemchagua Mama yangu.

Nimeisoma barua hiyo mara nne. Mama anauza omena, dagaa wa ziwani. Hajui mwaka aliozaliwa. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anaweka kidole gumba kwenye kila karatasi. Sasa ati amechaguliwa.

Nimeolewa hapa miaka ishirini na mmoja. Mama amefika Rusinga mara mbili, na mara zote mbili akarudi kulala Mbita kwa binamu yake kabla giza halijaingia. Mama mkwe halali kwenye boma la mkwe wake. Ndivyo ilivyo kwetu na sina neno. Lakini safari hii atalala kisiwani. Si kwangu, ila kisiwani.

Jumamosi, 23 Julai

Homa Bay, kikao cha kamati. Nimerudi nimechoka na nimekasirika.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Ana duka, anafundisha darasa lake mjini bila senti, hajawahi kukosa jioni moja. Ila anapenda hadhi. Anataka tulale kwenye gesti karibu na steji, watu wavae vibandiko vya majina, chai iletwe kwenye vikombe na visahani. Bei yake shilingi mia nne kila mtu. Nikamuuliza ni mwalimu gani wa Kehancha au Muhuru Bay mwenye mia nne ya kulala. Akasema kitu cha bei rahisi watu hukidharau. Nikasema kitu cha bei ghali watu hukikosa.

Tumevutana mpaka chai ikapoa. Nilileta hesabu yangu: shilingi themanini, hamsini za chakula, thelathini za mwenye nyumba, kumi kwa kila siku ya mafunzo, siku tatu. Wengi wakaniunga mkono. Mwenyekiti akaweka sharti. Jumapili ya tarehe kumi na nne Agosti atakuja kisiwani mwenyewe. Akikuta hata mgeni mmoja hana mahali, mkutano unahamia mjini kwa bei ya mjini.

Basi. Nikishindwa, nusu ya walimu hawaji. Na Mama haji.

Jumapili, 24 Julai

Baada ya ibada nimewaita wenye maboma. Nikawaeleza habari ya shilingi kumi kwa siku. Wakatazamana. Nikadhani wanaona ni kidogo.

Kisha mama mmoja akaniuliza kwa upole sana kama nimefungua gesti. Mwingine akasema mgeni akilipa ili alale kwake, hadithi hiyo itafika Migori kabla ya mgeni mwenyewe. Wa tatu akakunja leso yake akaanza kuondoka. Nimeomba msamaha mara tatu. Hakuna atakayepokea hata peni.

Nimeaibika. Nimefurahi pia, na sikujua uso uonyeshe lipi. Watu wangu hawa. Bei imeshuka: shilingi hamsini na gorogoro moja ya mahindi au maharagwe. Mkebe mmoja tu wa nafaka, hata mwalimu wa kujitolea anao.

Alhamisi, 28 Julai

Nimeandika barua za mwaliko sabini na sita kwa mkono. Kila mtu yake, na jina lake juu ya bahasha. Kidole cha kati kimeota sugu.

Majibu yameanza. Awendo wanauliza kama wanaweza kuleta sukari badala ya mahindi. Ndiyo. Muhuru Bay wanataka kuleta omena. Ndiyo. Mwalimu Mwita wa Kehancha, kiongozi wa Wakuria saba, anauliza kama wanaweza kulipa yote kwa mahindi, hata zile hamsini. Ndiyo, na magunia walete.

Mwenyekiti ameandika kuuliza huu ni mkutano au ni soko. Nimeendelea kufungua bahasha.

Jumatatu, 1 Agosti

Maboma thelathini, yote yamehesabiwa. Nafasi sabini na saba. Wageni sabini na sita. Imebaki nafasi moja. Nimehesabu tena. Bado moja. Nimeimba nikipika, na mume wangu Baba Achieng akaja kuchungulia jikoni kuona kuna nini.

Ijumaa, 5 Agosti

Shule zimefungwa. Leo nimewapanga wageni.

Mwaka jana kwenye kikao chetu kidogo watu walikosana kwa sababu ya kitanda kimoja cha springi. Kila mmoja akasema kuna upendeleo. Mwaka huu hakuna wa kusema. Nimekata karatasi, jina moja kila karatasi, nikazikunja, nikazitia kwenye karai. Mama mchungaji akafumba macho akachota. Boma la kwanza wawili, la pili watatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tajiri na maskini, mjini na shambani, karai halimjui mtu. Nimependa kazi yangu.

Karatasi moja tu sikuitia. Ya Mama. Je, angechotwa akaangukia kwangu? Nimempeleka kwa jirani yetu mjane, tunayemwita Nyar Gwassi kwa kuwa aliolewa kutoka Gwassi. Nyumba yake ni ya mabati na sakafu ni kavu. Huo si upendeleo. Ni adabu.

Jumapili, 7 Agosti

Nimesoma orodha kanisani baada ya matangazo. Jina la mwenye boma, kisha majina ya wageni wake. Sauti yangu ilifika mpaka nyuma. Ndani kulikuwa kimya kabisa, hata watoto. Nikasema moyoni, hii ndiyo heshima ya kazi iliyopangwa vizuri.

Nimejivuna leo. Naandika hivyo bila haya.

Jumatatu, 8 Agosti

Kumbe kile kimya hakikuwa heshima.

Ogutu, fundi wa nyavu, amekuja kabla sijawasha jiko. Hakuingia. Akasimama mlangoni akitazama paa. Akasema mgeni niliyempa hawezekani. Nikamuuliza yupi, maana nimempa wawili. Akasema, yule wa Awendo. Wote wawili ni wa Awendo. Akasema, yule mama. Yupi, Ogutu, taja jina. Akavua kofia, akaivaa tena. Jasho linamtoka na asubuhi ilikuwa baridi. Nikaanza kukasirika, nikadhani anachagua wageni.

Baba Achieng ndiye aliyeelewa, akiwa bado kitandani. Akaniita, akaninong'oneza. Rosalia wa Awendo ni mama yake mke wa Ogutu. Ni maro wake, mama mkwe wake. Jina ambalo Ogutu hajalitoa mdomoni tangu aoe, mimi nimelitangaza kanisani, na baada ya kulitangaza nimempa mwenye jina kitanda cha Ogutu.

Fomu yangu ina jina, darasa, na kijiji. Haina mstari wa kuuliza wewe ni mkwe wa nani.

Baba Achieng amecheka mpaka akakaa chini. Sijampa chai.

Jumanne, 9 Agosti

Wengine kumi na mmoja. Wanakuja mmoja mmoja, wanasimama mbali, wanatazama paa. Mzee nimempeleka kwa binti yake. Kijana nimempeleka nyumbani kwa wazazi wa mkewe, alale pale na viatu vyake mlangoni. Mama mmoja wa Muhuru Bay nimempa boma la mkwe ambaye bado hawajaamkiana kwa mkono.

Rusinga imeoa Awendo. Muhuru Bay imeoa Rusinga. Homa Bay imeoa kila mahali. Kila mtu hapa analijua hilo, na mimi nalijua, nami nimezaliwa na kuolewa katika hilo. Halafu nimechukua karai.

Jumatano, 10 Agosti

Nimewaita wenye maboma shuleni. Nikasema nimekosea na tutachota upya, wale wenye matatizo tu. Nilikuwa nimeshakata karatasi.

Nyar Gwassi akasimama. Husimama pole pole kwa sababu ya goti. Akasema, "Mwalimu Dorka, mimi sikuchotewa. Mama yako nilipewa mkononi." Watu wakageuka kunitazama. Akasema, "Kwa hiyo ulijua."

Akaketi.

Nilijua. Nilipofika kwa jina la Mama nilikumbuka mambo ya ukwe, nikamtoa, nikamtafutia bati na sakafu kavu. Nilipofika kwa mama za watu niliona karatasi. Nimekusanya vitu vyangu nikatoka bila kufunga kikao. Maboma manne yamesema yanajitoa.

Alhamisi, 11 Agosti

Aibu. Sikwenda dukani ili nisikutane na mtu.

Barua fupi ya Mwenyekiti imeletwa mchana. Amesikia. Atakuja Jumapili kama tulivyosema, lakini ameshawaomba wenye gesti watushikie vyumba, "kwa usalama". Ameandika kwa adabu na adabu yake imeniuma zaidi. Nimekaa na kalamu nimwandikie kwamba ameshinda. Nimefika mpaka "Kwa heshima na taadhima".

Baba Achieng akasoma begani kwangu. Ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Nenda kwa yule mama kwanza." Kisha akachukua msumeno wake akaenda kazini.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimekwenda. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani. Nilipofika nimesema tu, nilijua, na nisamehe. Nyar Gwassi akanipa kigoda na bakuli la uji. Akasema nimalize uji kisha nisome hiyo orodha.

Hajui kusoma. Amekataa darasa langu mwaka wa tano huu, anasema macho yake ni ya kutazama watu. Lakini ndoa za kisiwa hiki zote ziko kichwani mwake. Nasoma jina, kijiji. Anauliza, binti wa nani? Nikijua, nasema. Nisipojua, anakuna kisigino, anasema, huyo ni wa ule ukoo uliopelekewa ng'ombe mwekundu wa mahari mwenye pembe moja, dada yake yuko hapa nyuma ya kanisa, asilale huko. Na mimi naandika. Tumeanza saa mbili asubuhi, tumemaliza jua likizama. Nimechora mistari kwenye karatasi nne nikazigundisha kwa uji.

Mwenyekiti aliwahi kuniambia Wakuria wa Kehancha watakuwa shida kuwapanga. Kumbe hao ndio dhahabu. Watu saba, hawajaoa kisiwani, hawajaoza kisiwani, hakuna anayeona haya mbele yao. Unawaweka popote. Tumewagawa kwenye maboma saba yenye matatizo makubwa, na mafundo saba yakafunguka. Nyar Gwassi akaniuliza kama hatuwezi kupata Wakuria wengine.

Mzee mmoja wa Awendo ametutoa jasho. Ana mabinti watano, wote wameolewa hapa, na wamesambaa pande zote kama waliambiana. Kila boma tulilotaja lina mkwe wake au ndugu wa mkwe wake. Mwishowe tumemweka kwa dereva wa zahanati, mtu wa Kisii.

Nilisema Mama yangu naye atolewe pale kwake, apangwe upya kama wengine, watu wasiseme. Nyar Gwassi akatikisa kichwa. Akasema, "Mama yako anabaki. Wengine ndio wafikiriwe kama yeye."

Nimejiwekea sheria hata hivyo. Mama hataongezewa hata mkeka. Wala sitamtembelea zaidi ya ninavyowatembelea wengine.

Jumamosi, 13 Agosti

Maboma thelathini kwa miguu. Kila boma nimeuliza ana kwa ana, huyu na huyu wanaweza kulala hapa? Sikutaja majina ovyo. Nimesema "mama wa fulani", "mzee wa kule". Maboma manne yaliyojitoa yamerudi. La nne lilinikalisha nje mpaka nikaona kweli nimekosa, ndipo wakasema karibu.

Kisigino kimepasuka. Sijali.

Jumapili, 14 Agosti

Mwenyekiti amefika saa nne kwa pikipiki, juu ya tuta linalotuunganisha na Mbita, suti ya kijivu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimempa orodha. Akaweka kidole kwenye jina moja, akasema, nionyeshe. Tukaenda. Kitanda kipo, shuka ipo, mwenye nyumba anajua mgeni anatoka wapi na anakula nini. Jina jingine. Tukaenda. Amechagua majina sita, mbali mbali, ili anichoshe. Nimechoshwa na maboma thelathini jana, hayo sita yalikuwa matembezi.

Boma la sita alimuuliza mama mwenye nyumba kamati inamlipa ngapi. Yule mama akamtazama, akamtazama na suti. Akaniuliza mimi, "Huyu ametoka wapi?" Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

Amesema gesti itaachiliwa. Bei inabaki hamsini na gorogoro. Ameyasema akiwa ameshapanda pikipiki, na hapo nami nikaona nimwambie. Mke wake ni wa hapa. Katika ule mchoto wa karai yeye Mwenyekiti aliangukia kwa baba mkwe wake, chumba kimoja. Orodha ile ilisomwa kanisani, mkwewe mzee akiwa amekaa mbele.

Alizima pikipiki ili acheke vizuri. Sikuwahi kumwona akicheka.

Nimeshinda. Tumeshinda. Nimeandika mara mbili ili nichague, na la pili ndilo la kweli.

Jumanne, 16 Agosti

Baba Achieng amekuwa kwa Nyar Gwassi tangu asubuhi. Amepiga randa mlango uliokuwa unakwama, ametia mbao mpya kwenye kitanda cha mgeni. Sikumtuma. Hawezi kumlaza mama mkwe wake, basi amemtengenezea kitanda kwa jirani. Jioni nimemuuliza kama hilo si upendeleo. Akasema yeye si kamati.

Jumatano, 17 Agosti

Wamekuja. Awendo wamefika juu ya lori la miwa lisilo na miwa, wanaimba, na gunia la sukari katikati yao kama bibi harusi. Kehancha wamefika na magunia manne ya mahindi, na Mwalimu Mwita akayashusha mwenyewe. Nilikaa mezani na orodha ya Nyar Gwassi. Kila mtu nimemwita, nimempa mwenyeji wake, wameondoka wawili wawili. Hakuna aliyetazama paa.

Mama alifika saa tisa, na omena kichwani. Akapanga foleni. Nilimwona mtu wa nane, nikaendelea kuandika. Zamu yake ilipofika nikamwambia kwa sauti ya chini, Mama, wewe wacha tu. Akafungua fundo la leso, akaweka hamsini mezani, akaweka na gorogoro yake, imejaa mpaka juu. Akasema anataka risiti. Nikamwandikia. Hakuondoka. Akaisoma pale pale, neno kwa neno, mpaka muhuri, na watu nyuma yake wakangoja. Kisha akasema, "Ni sawa." Akafuatana na Nyar Gwassi.

Baba Achieng alimwamkia kutoka upande wa pili wa njia, kofia mkononi. Mama akaitikia akitazama chini. Wote wawili walikuwa wanatabasamu.

Jioni wakatokea walimu watatu kutoka Awendo ambao hawakuandikwa. Walisikia bei wakaja. Nafasi yangu ile moja ya ziada ikaliwa na mmoja. Wawili nimewapa chumba chetu. Baba Achieng amekwenda kulala karakanani kwake. Mimi niko jikoni, na mkeka upo.

Alhamisi, 18 Agosti

Watu sabini na tisa wamelala ndani ya nyumba za watu. Nimeuliza kila mmoja asubuhi. Malalamiko mawili: mmoja anakoroma, mwingine amelishwa sana.

Mafunzo mazuri. Mwenyekiti amekunywa chai kwenye kikombe cha bati.

Sijazungumza na Mama isipokuwa kumwamkia. Sheria ni sheria. Lakini nikiwa ubaoni namwona, mstari wa tatu, anaandika.

Ijumaa, 19 Agosti

Leo wakati wa kuosha vyombo Nyar Gwassi amekuja na goti lake mpaka jikoni kwangu. Akaona mkeka umekunjwa karibu na kuni. Akauliza ni wa nani. Nikasema wangu. Akawaita wenzake. Kina mama kama kumi wakasimama wanautazama ule mkeka.

"Mwalimu," akasema, "karatasi yako iko wapi? Wewe umepangwa wapi?"

Nikasema sikujipanga. Nilisahau. Ni kweli nilisahau, mimi niliyehesabu mpaka godoro nusu. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao kama vile siko. Kwa fulani hapana, kumejaa. Kwa fulani hapana, ni shemeji. Nikawaambia jikoni panatosha. Hakuna aliyenisikiliza. Mwishowe Nyar Gwassi akasema wamekata shauri, nitalala kwake, kitanda cha mgeni ni kipana na mgeni wake ni mwembamba. Nikamkumbusha sheria yangu. Akasema sheria ni yangu lakini nyumba ni yake.

Nakwenda. Sina la kubishana na kamati hiyo.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimelala na Mama. Mara ya mwisho nilikuwa msichana. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama mabega yangu bado yanauma nikibeba maji, nikasema kidogo, akayakanda. Nilipoamka alikuwa ameshanifunika leso yake, naye yuko mlangoni penye mwanga, kidole kwenye karatasi, midomo inatembea.

Wanafunzi waliruhusiwa kuchagua cha kusoma. Wengine walisoma Biblia, mmoja akasoma maandishi ya mfuko wa mbolea akapigiwa makofi. Mama akapanda, akatoa bahasha. Barua yangu ya mwaliko. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo barua ya kwanza maishani mwake yenye jina lake juu, aliyoifungua mwenyewe na kuisoma bila kumwita mtu. Kisha akasoma. Polepole, na sauti ya mtu anayeita watu sokoni. Tarehe. Mahali. Kiingilio shilingi hamsini na gorogoro moja. Hapo watu wakacheka, naye akawangoja wamalize. "Kila mgeni atalala nyumbani kwa mtu." Hapo hawakucheka. Wenye maboma walikuwa wamesimama ukutani, naye akainua macho akawatazama, akarudi kwenye mstari bila kupotea.

Nimelia mbele ya Wakuria, mbele ya Mwenyekiti, mbele ya kila mtu. Sikujifuta.

Kabla ya kufunga, kamati imepitisha fomu mpya ya mwaka ujao. Jina, darasa, kijiji. Na mstari wa nne: umeoa au umeolewa wapi, na wanao wameolewa wapi. Mwenyekiti ndiye aliyependekeza. Nikataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mstari huo ni wa Nyar Gwassi. Imeandikwa.

Jumapili, 21 Agosti

Wameondoka karibu wote. Lori la Awendo limechukua watu asubuhi, Kehancha wamefuata. Nimerudisha masufuria kanisani. Nimehesabu vijiko, vimezidi viwili.

Chumba chetu kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa. Baba Achieng amerudi kutoka karakanani na zana zake. Nyumba iko kimya. Ninajivunia jambo hili lote, hata lile kosa, kwa jinsi lilivyorekebishwa.

Gari la kumrudisha Mama Muhuru Bay ni la kesho asubuhi.

Kitanda changu kiko wazi na hakuna aliyenipanga kwingine. Nimekunja blanketi langu. Baba Achieng ameniona. Ametia mafuta kwenye taa akanipa. Naandika haya kwa haraka, nikichelewa Mama atakuwa ameshalala.